Mshenga Mahakamani: Jalada la Kavumu na Waliolibeba

Kuna kauli inayorudiwa kila yanapozungumzwa mambo ya mashariki mwa Kongo: kwamba kesi za uhalifu wa kivita kule ni kesi za mashirika ya kiraia. Shirika ndilo linalotia mafuta kwenye magari, shirika ndilo linalolipa posho za majaji na chakula cha mashahidi, basi na hukumu ni ya shirika. Serikali na jeshi wameazimisha majoho tu. Nimeisikia kwa mawakili wenye heshima zao, nimeisikia kwa maofisa wa serikali, nimeisoma pia kwa wasomi ambao hawakuiandika kwa nia mbaya. Kauli hiyo ina ndugu yake, inayotoka upande mwingine: kwamba haki ya Wakongo ilipikwa The Hague, na kwamba yaliyofanyika Mbandaka, Baraka, Bukavu na Kavumu ni makombo ya karamu hiyo.

Hii ya pili nitaiacha upesi, kwa kuwa tarehe zenyewe zinaikataa. Thomas Lubanga, mkuu wa wapiganaji wa Ituri, alifikishwa The Hague Machi 2006. Tarehe 12 Aprili mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ya Mbandaka iliwatia hatiani askari kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kutokana na ubakaji wa halaiki uliofanyika katika kijiji cha Songo Mboyo mnamo Desemba 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ya The Hague, ilikuja kutoa hukumu yake ya kwanza Machi 2012, miaka sita baadaye. Wakongo hawakusubiri kufundishwa.

Vita vya 1996 na 1998 msomaji wa jarida hili anavijua, wala sitavisimulia upya. Linalotakiwa kukumbukwa ni moja: Kongo iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, na Novemba mwaka huo ikatunga sheria mpya za mahakama za kijeshi zilizozipa mahakama hizo peke yake mamlaka juu ya uhalifu wa kivita. Sheria zenyewe zilikuwa na tundu la ajabu. Zilitaja uhalifu wa kivita lakini hazikuupangia adhabu. Majaji wa Mbandaka, maofisa wa jeshi waliovaa magwanda, waliliziba tundu hilo kwa kuutumia Mkataba wa Roma moja kwa moja, wakiegemea Katiba mpya ya Februari 2006 iliyowaruhusu majaji wa kiraia na wa kijeshi kutumia mikataba iliyoridhiwa. Walikuwa na mawakili wa wahanga mbele yao, wakisaidiwa na Avocats Sans Frontières, ambao waliisoma mikataba hiyo na kuifikisha mezani. Serikali iliamriwa kulipa fidia pamoja na waliohukumiwa. Baadhi ya wafungwa hao walitoroka jela mwaka uleule. Mambo yote mawili, ujasiri wa jaji na wepesi wa mlango wa jela, yatatufuata hadi mwisho wa makala haya.

Sasa niirudie kauli ya kwanza. Hii inastahili muda, maana ndani yake kuna swali la kweli: raia wanapokusanya ushahidi wa uhalifu wa kivita na kuukabidhi kwa dola, nani ameijenga kesi, na nani anabeba lawama ikibomoka?

Chanzo bora cha kulijibu swali hilo ni kurasa ambazo karibu kila mtu huziruka. Hukumu ya Lubanga ya tarehe 14 Machi 2012 ina takribani kurasa 600. Watu hunukuu mwisho wake: ana hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15, na baadaye akapewa kifungo cha miaka 14. Wachache huisoma ile sehemu ndefu inayowahusu watu waliowaunganisha wapelelezi wa The Hague na mashahidi wa Bunia, kule Ituri, na vijiji vyake. Hukumu inawaita kwa nambari. Walikuwa wenyeji: wanaharakati, wafanyakazi wa mashirika madogo, watu walioijua njia ya kwenda kwa mama fulani ambaye mwanawe alikuwa kadogo, askari mtoto. Neno hilo letu, kadogo, lilitajwa tena na tena katika kesi hiyo, na nadhani hakuna neno la Kiswahili lililopata kubeba mzigo mzito kuliko huo mbele ya majaji wa kimataifa.

Majaji waliona kwamba watatu kati ya watu hao huenda waliwashawishi au waliwasaidia mashahidi kusema uongo. Wakakataa kuutegemea ushahidi wa vijana walioletwa kama waliokuwa askari watoto. Kabla ya hapo, Julai 2010, kesi nzima ilisimamishwa kwa sababu mwendesha mashtaka alikataa kumtaja mmoja wa watu hao kwa upande wa utetezi. Lubanga alitiwa hatiani hata hivyo, kwa kiasi kikubwa kwa nguvu ya video, ikiwemo ile ya Februari 2003 iliyomwonyesha akihutubia wapiganaji katika kambi ya Rwampara, na miongoni mwao nyuso za watoto.

Wanaotaka kuwabeza watetezi wa haki huishia hapo: mmeona, mashirika huharibu ushahidi. Lakini tusome kwa utulivu. Majaji walimlaumu nani hasa? Walimlaumu mwendesha mashtaka, kwa kuwaachia watu wa kati kazi ya upelelezi isiyokuwa yao, akiwa mbali, bila kuwasimamia vya kutosha. Ituri ya wakati ule ilikuwa hatari. Mpelelezi mgeni akionekana kijijini, shahidi alikuwa mashakani usiku uleule. Kwa hiyo ofisi kubwa yenye fedha na wataalamu ilijificha nyuma ya mwenyeji, ikamwachia atafute, achague, asafirishe na atulize. Kosa lilikuwa la aliyekaa mbali.

Kiswahili kina majina mawili kwa mtu wa kati. Dalali anakula pande zote mbili, na hakuna anayemwamini. Mshenga ni mwingine. Anazijua nyumba zote mbili, anapeleka maneno na kurudisha maneno, anajua lipi la kusema mchana na lipi la kusema jioni, na siku ya ndoa anakaa pembeni. Hao wa Bunia waliitwa washenga, kisha wakaachiwa waoe. Wangefanyaje? Mwaka 2014 mahakama ya The Hague ilitoa mwongozo wa kufanya kazi na watu wa kati. Ulikuja umechelewa miaka kumi tangu upelelezi wa Kongo uanze.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, na nitakitumia kwa kesi zinazofuata: je, dola lilifanya kazi ya dola, na raia kazi ya raia?

Kilwa, kule Katanga kando ya Ziwa Mweru, dola halikufanya. Oktoba 2004 jeshi liliukomboa mji huo mdogo kutoka kwa kikundi cha waasi, na raia wasiopungua 70 wakauawa. Magari ya kampuni ya madini ya Anvil Mining yaliwabeba askari. Mashirika ya Lubumbashi, ASADHO na ACIDH, pamoja na wenzao wa Uingereza, yaliandika majina, yakatafuta familia, yakaisukuma kesi hadi ikafunguliwa. Juni 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi ikawaachia wote kuhusu mauaji ya Kilwa, maofisa wa jeshi na wafanyakazi watatu wa kampuni. Familia zililazimika kwenda hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ambayo uamuzi wake, uliotangazwa 2017, uliitaka Kongo iwalipe wahanga dola milioni 2.5. Nikiambiwa mashirika hununua hukumu, mimi huuliza: Kilwa walinunua nini?

Baraka ilikuwa tofauti. Siku ya Mwaka Mpya 2011, katika mji wa Fizi, askari waliwabaka wanawake kwa wingi. Haikupita hata miezi miwili, mahakama inayotembea ikafika Baraka, pwani ya Ziwa Tanganyika. Wengi wa wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, wanatoka upande huo wa ziwa, na habari za Baraka hufika Kigoma kabla ya kufika Kinshasa. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Chama cha Wanasheria wa Marekani kilisaidia safari, mawakili na ulinzi. Mashtaka yaliendeshwa na jeshi lenyewe dhidi ya ofisa wake. Tarehe 21 Februari Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hadi siku hiyo hakuna ofisa wa cheo kama chake aliyekuwa ameadhibiwa kwa kosa hilo nchini.

Mafanikio ya Baraka yaliwapa watu haraka mbaya. Novemba 2012 waasi wa M23 waliiteka Goma. Askari wa serikali walikimbilia Minova, wakapora na kubaka. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilihesabu watu wasiopungua 135 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Mabalozi walikuja juu, tarehe zikawekwa, fedha zikapatikana. Watu zaidi ya 1,000 waliandikishwa kama wahanga. Askari 39 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya operesheni, aina ya mahakama ambayo hukumu yake haikatiwi rufaa. Tarehe 5 Mei 2014 wawili tu walitiwa hatiani kwa ubakaji. Wengi wa wengine waliopatikana na hatia walikutwa na makosa mengine, kama uporaji.

Nimesoma uchambuzi unaowalaumu mawakili wa wahanga na mashirika kwa Minova, kwamba walijali idadi kuliko uthibitisho. Lawama hiyo ina punje ya ukweli. Kuandikisha watu 1,000 hakumtambulishi hata mbakaji mmoja. Lakini kazi ya kujua kikosi gani kililala wapi usiku gani, na nani alikuwa kamanda wake, ni kazi ya jeshi, nalo ndilo lenye orodha za askari na amri za mapigano. Jeshi liliwaleta mahakamani hasa askari wa vyeo vya chini, na makamanda wakuu wakabaki kuwa majina. Hapa raia walifanya kazi yao, wengine kwa pupa, na dola halikufanya yake. Tena, kama hukumu zingekuwa za kununuliwa, hii ndiyo ingenunuliwa kwanza, maana hakuna kesi ya wakati ule iliyozungukwa na fedha na macho ya mabalozi kama Minova.

Ndipo tunapofika Kavumu, na hapa naomba msomaji anivumilie.

Kavumu ni mji mdogo wa wilaya ya Kabare, kaskazini mwa Bukavu, penye uwanja wa ndege. Watu wake ni Bashi. Nyumbani huzungumza Mashi, sokoni Kiswahili. Kuanzia 2013 watoto wa kike walianza kuchukuliwa usiku kutoka vitandani mwao. Waliokotwa asubuhi mashambani, wakiwa wamebakwa na kujeruhiwa vibaya. Wengine walikuwa hawajatimiza hata miaka miwili. Hadi 2016 walikuwa wamezidi 40. Walipelekwa Hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Desemba 2018, akipokea Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo, Mukwege aliwazungumzia watoto wa Kavumu.

Kwa karibu miaka mitatu kila tukio lilishughulikiwa peke yake. Baba alikwenda polisi, jalada likafunguliwa, mtu akakamatwa ovyo, mtu akaachiwa, jalada likalala. Yaliyoandikwa kwenye jalada moja hayakusomwa pamoja na ya jingine, kwa hiyo katika macho ya sheria hapakuwa na shambulio juu ya kijiji. Palikuwa na misiba arobaini ya nyumba arobaini. Hili ndilo jambo ninalolishikilia kuliko yote katika historia hii. Uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa sheria, ni shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia. Mpangilio hauonekani mlangoni mwa nyumba moja. Unaonekana pale tu majalada yanapowekwa juu ya meza moja, na kwa muda mrefu meza ya namna hiyo ilikuwa mahali pamoja tu: Panzi. Madaktari ndio walioona majeraha yanayofanana, saa zinazofanana, njia inayofanana ya kuingia ndani. Wao na mashirika waliyofanya nayo kazi, miongoni mwao Physicians for Human Rights na TRIAL International, walianza kusema kwamba hizi si kesi arobaini.

Kutoka hapo hadi mahakamani palikuwa na kazi ya kila siku ambayo haina shani. Madaktari, askari polisi na waendesha mashtaka walifundishwa pamoja, wakiwa chumba kimoja, namna ya kuandika cheti cha daktari kitakachosimama mahakamani: si kuandika kwamba amebakwa, bali kuandika jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, linapatana na nini. Mtu asiyepata kukaa mahakamani hawezi kujua kesi ngapi zimekufa kwa sababu ya cheti cha mstari mmoja. Bukavu kulikuwa pia na meza ya pamoja ya mashirika na maofisa wa Umoja wa Mataifa waliopewa kazi ya kusaidia mashtaka ya kijeshi, ambako watu waligawana kazi: huyu matibabu, huyu mawakili, huyu ulinzi wa mashahidi, huyu magari.

Mwaka 2016 ofisi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi, ambayo Wakongo huiita oditora, iliyachukua majalada yote na kuyaunganisha kuwa moja. Uamuzi huo ulikuwa wake. Hakuna shirika lenye uwezo wa kuunganisha majalada. Hakuna shirika lenye uwezo wa kukamata. Juni 2016 alikamatwa Frederic Batumike, mbunge wa jimbo la Kivu Kusini, pamoja na watu wake. Alikuwa mwanasiasa na mhubiri, na wapiganaji wake waliitwa Jeshi la Yesu. Walikuwa wamelishika shamba la Bishibiru, ambalo mwenyewe, mgeni kutoka Ujerumani, alikuwa ameuawa. Waliambiwa na mganga kwamba damu ya watoto bikira ingewakinga na risasi. Mtetezi wa haki aliyekuwa akiuliza maswali kuhusu kundi hilo alikuwa ameshauawa.

Upelelezi huo ulijali jambo moja ambalo Bunia halikujaliwa. Watoto hawakuhojiwa mara kumi na watu kumi. Mahojiano yalirekodiwa kwa video na watu waliosomea kuzungumza na watoto waliojeruhiwa, na video hizo zilioneshwa mahakamani ili mtoto asisimamishwe mbele ya watu waliomfanyia hayo. Manusura na mashahidi wengine walisema wakiwa wamefunikwa nyuso, wakitajwa kwa alama badala ya majina. Anayesema hiyo ni teknolojia ya wafadhili, na ayasome tena yaliyompata shahidi wa Lubanga, aliyehojiwa na mtu wa kati, kisha na mpelelezi, kisha na wakili, hadi maneno yake hayakujulikana tena ni ya nani.

Mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilifungua shauri Novemba 2017 na kulisikiliza Kavumu kwenyewe. Wazazi walikuja kwa miguu. Ndani ya mahakama kulizungumzwa Kiswahili na Mashi, na makarani wakaandika Kifaransa. Upande wa mashtaka ulikuwa wa oditora. Kandokando yake walikaa mawakili wa wahanga, kwa sababu sheria ya Kongo humruhusu mhanga kuingia katika kesi ya jinai akidai fidia, akapata nafasi ya kuuliza maswali na kuleta ushahidi. Mlango huo wa kisheria ndio ulioyaingiza mashirika ya kiraia mahakamani kwa heshima, na si bahasha yoyote. Tarehe 13 Desemba 2017 Batumike na wengine kumi walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa ubakaji na mauaji. Mbunge aliyekuwa madarakani alihukumiwa kama kamanda wa watu waliotenda. Tarehe 26 Julai 2018 Mahakama Kuu ya Kijeshi iliithibitisha hukumu hiyo katika rufaa.

Kwa kipimo changu cha mshenga, Kavumu ni ndoa iliyofungwa sawasawa. Raia waliandika, waliuguza, waliwapeleka na kuwarudisha watu, walishauri. Dola lilikamata, lilishtaki, lilihukumu. Kila mmoja alijua mahali pa kukaa pembeni.

Mtafiti Milli Lake, katika kitabu chake cha mwaka 2018, anatoa hoja ninayoiheshimu: kwamba udhaifu wa dola la Kongo ndio uliofungua nafasi kwa mashirika kufanya mambo ambayo katika nchi yenye mahakama imara yasingewezekana. Nakubaliana naye, na nakubaliana na wasiwasi unaotokana na hoja hiyo. Mashirika huchagua. Kwa miaka mingi fedha zilifuata ubakaji, na watu waliochomewa nyumba, waliouawa kwa panga, walioporwa ng'ombe, walisubiri. Mama aliyepoteza wanawe watatu na hakubakwa alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kumwona jaji. Hili limewauma watu wengi wa Kivu, na wana haki ya kuumia. Lakini dawa yake ni mwendesha mashtaka wa taifa kuwa na bajeti yake na orodha yake ya kesi. Kuwafukuza madaktari na mawakili hakumletei mama huyo jaji.

Bei ya kazi hii, anayewaita dalali hajaihesabu. Usiku wa tarehe 31 Julai 2005 Pascal Kabungulu, kiongozi wa Héritiers de la Justice, shirika la Bukavu lililokuwa likiandika uhalifu wa jeshi na wa waasi bila kuchagua, aliuawa nyumbani kwake na watu waliovaa sare. Tarehe 2 Juni 2010 Floribert Chebeya, mwanzilishi wa La Voix des Sans-Voix, alikutwa amekufa Kinshasa baada ya kuitwa makao makuu ya polisi. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakuonekana tena. Ilichukua hadi Mei 2022 kwa mahakama ya kijeshi kumhukumu ofisa wa polisi Christian Kenga Kenga kwa mauaji hayo akiwa mwenyewe kizimbani. Hawa walikuwa wakiipelekea serikali taarifa, wakiamini serikali ina sehemu yenye masikio. Ushirikiano tunaousifu leo ulianza kwa watu walioshirikiana na dola ambalo mkono wake mmoja ulipokea barua na mwingine ukawaua.

Jeraha ambalo hakuna kesi iliyolitibu ni fidia. Katika kesi ya Kavumu waliotiwa hatiani waliamriwa kulipa dola 5,000 kwa kila aliyebakwa na 15,000 kwa kila familia ya aliyeuawa. Mawakili wa wahanga waliomba serikali nayo iwajibike, kwa kuwa ilishindwa kuwalinda watoto wake kwa miaka mitatu. Mahakama ilikataa, na mahakama ya rufaa ikakataa. Hapo naona majaji walirudi nyuma ya wenzao wa Mbandaka wa mwaka 2006, ambao waliibana serikali. Wafungwa hawana dola 5,000 mara arobaini. Miaka ilipita baada ya hukumu kuthibitishwa, na familia hazikuwa zimelipwa chochote. Sheria ya Desemba 2022 iliunda mfuko wa fidia, FONAREV, na kuutengea asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Ni fedha nyingi, na ofisi ya mfuko huo iko Kinshasa, kilomita zaidi ya elfu moja na mia tano kutoka Kavumu.

Februari 2025 M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, na baada ya siku mbili wakawa wameishika Bukavu. Mamlaka ya serikali yaliondoka mjini na mahakama yake ya kijeshi pamoja nayo. Wiki chache kabla, Goma ilipoanguka, wafungwa wa gereza la Munzenze walitoka kwa maelfu katika usiku mmoja wa moto, na wanawake waliokuwa ndani walibakwa na wengine wakateketea. Oditora iliyounganisha majalada arobaini haiko tena Bukavu. Panzi bado iko, inapokea wagonjwa, na vyeti vinaandikwa kama walivyofundishwa: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, linapatana na nini.